Umetazama video kumi za bayolojia na bado hujui? Simu haina makosa

UKIANDIKA "moyo wa binadamu" kwenye YouTube usiku wa leo, utapata video nyingi kuliko muda uliobaki kabla ya mtihani. Kuna za dakika tatu, kuna za saa nzima. Kuna mwalimu na ubao wake, kuna katuni, kuna moyo wa 3D unaogeuka polepole huku vali zikifunguka na kufungika. Unatazama, unatikisa kichwa, unajiambia, "Hii nimeshika."

Wiki moja baadaye unaulizwa: damu inayotoka kwenye mapafu huingia chumba gani cha moyo? Kimya. Kichwa kimezima kama simu iliyoishiwa na chaji.

Kama imekutokea, usikimbilie kusema sayansi si yako. Hebu kwanza tuangalie ulivyoitumia hiyo video. Simu uliyo nayo mkononi inaweza kuwa maabara, na inaweza pia kuwa televisheni tu yenye kioo kidogo. Bei ya simu haina neno hapo. Kinachotofautisha ni unachofanya kabla ya kuiwasha video, ikiwa katikati, na ikishaisha.

Kwa mwanafunzi wa Kenya, hili si jambo la mzaha. Kundi la kwanza la CBC liliingia sekondari ya juu, Gredi ya 10, Januari 2026, na waliochagua mkondo wa STEM wanatarajiwa kufanya sayansi kwa mikono, si kwa kukariri tu. Ndugu zao wa 8-4-4 nao wako njiani kuelekea KCSE ya mwisho mwaka wa 2027. Katika mtihani huo, karatasi ya tatu ya bayolojia, ile ya vitendo, ina alama 40 kati ya 200, na mara nyingi hukuwekea picha za vielelezo uzisome na kuzieleza. Sasa mweke mtahiniwa huyo kwenye shule ambayo hadubini moja inazungushwa darasa zima, kila mtu anachungulia sekunde kumi, halafu kengele inalia. Huyo ndiye anayehitaji simu ifanye kazi ya maana.

Somo la vitu vinavyosonga

Bayolojia ni somo la vitu visivyotulia. Damu inazunguka, seli zinagawanyika, ujumbe unakimbia kwenye neva, maji yanapanda kutoka mizizini hadi jani la juu kabisa. Kitabu kinachukua vurugu hiyo yote na kuigandisha kwenye mchoro mmoja wenye mishale. Ndiyo maana wengi wetu tulimaliza shule tukijua kuchora seli lakini bila kujua seli hufanya nini siku nzima.

Hapo ndipo picha inayotembea inapotamba. Mwaka wa 2006, Chuo Kikuu cha Harvard kwa ushirikiano na kampuni ya uhuishaji ya XVIVO kilitoa filamu fupi iitwayo The Inner Life of the Cell. Inakuingiza ndani ya seli nyeupe ya damu. Kipande ambacho watu hawakisahau ni cha protini iitwayo kinesini: ina kama miguu miwili, inatembea juu ya uzi mwembamba, na mgongoni imebeba mzigo mkubwa kuliko yenyewe, kama hamali wa Marikiti asubuhi na mapema. Hakuna hadubini ya shule itakayokuonyesha kitu kama hicho.

Lakini kumbuka jambo moja. Video ya aina hiyo huchorwa, na mchoraji huchagua cha kukuonyesha. Ndani ya seli halisi hakuna nafasi ya kujinafasi. Molekuli zimesongamana, zinagongana na kutikisika ovyo, kama kituo cha matatu saa kumi na mbili jioni mvua ikitishia kunyesha. Filamu ya 2006 iliusafisha umati huo ili umwone hamali mmoja vizuri. Mwaka wa 2013 mradi huo huo ukatoa filamu nyingine iliyoonyesha msongamano wenyewe, protini zikiwa zimebanana na kila kitu kinatetemeka. Ya kwanza inakuonyesha mchezaji, ya pili inakuonyesha uwanja ulivyo. Ukitazama moja tu, una nusu ya habari.

Mfano wa karibu zaidi ni damu ya "bluu". Michoro mingi ya moyo hupaka bluu damu iliyopungukiwa na oksijeni. Wapo watu wazima kabisa wanaoamini kwamba damu iliyo kwenye vena ni ya bluu mpaka ikutane na hewa. La hasha. Damu yako yote ni nyekundu; iliyopungukiwa na oksijeni ina wekundu uliokolea tu. Rangi ya bluu ni alama ya mchoraji, kama vile mto kwenye ramani unavyopakwa bluu hata kama maji yake ni ya matope.

Kwa hivyo swali la kwanza la kuiuliza video yoyote ya bayolojia ni hili: hapa wameacha nini, na wametia chumvi wapi ili mimi nielewe?

Mtego wa "nimeshika"

Turudi kwa yule aliyetazama video ya moyo akasahau. Kuna utafiti unaomhusu. Mwaka wa 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya sayansi wasome. Kimoja kilihusu jua, kingine kilihusu fisi maji wa baharini. Baada ya kusoma, kuna waliorudia kusoma, na kuna walioambiwa wafunike kifungu na waandike kila walichokumbuka.

Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 81, wenzao asilimia 75. Ungewapima hapo tu, ungesema kurudia ndiyo njia. Lakini waliopimwa baada ya wiki moja walitoa picha tofauti. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42. Waliojilazimisha kukumbuka walibaki na asilimia 56.

Kuna kitu kingine cha kuchekesha kidogo. Katika sehemu ya pili ya utafiti huo, waliorudia kusoma mara nyingi ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka. Yaani aliyeshika kidogo ndiye aliyejipiga kifua.

Utafiti ule ulitumia maandishi, lakini ukifikiria, video inaweza kukunasa kwenye mtego huo huo kwa urahisi zaidi. Video nzuri inateleza. Sauti ni tamu, picha ni safi, kila sentensi inakuongoza kwa inayofuata, na wewe hutoi jasho hata kidogo. Ukiielewa maelezo wakati yanatolewa, unadhani umeyajua. Ni kama kumtazama mtu akipika chapati kwenye TikTok: unaona kila hatua, ni rahisi, poa. Halafu siku ya kusukuma ya kwako inatoka ramani ya Afrika.

Dawa yake haigharimu hata shilingi. Video ikifika mwisho, geuza simu kifudifudi. Chukua karatasi uchore au uandike ulichokiona bila kuchungulia. Ukikwama, hapo ulipokwama ndipo unapostahili kurudi kutazama, si mwanzo mpaka mwisho.

Kisha mweleze rafiki kwa lugha mnayopigia stori. Bayolojia tunafunzwa kwa Kiingereza, na istilahi zake zina tabia ya kuficha ujinga wetu. Mtu anaweza kusema "osmosisi" mara ishirini bila kujua kinachohama ni nini. Lakini jaribu kumweleza beshte yako kwa Kiswahili au Sheng kwa nini sukuma wiki iliyonyauka hukazana tena ukiiloweka kwenye maji. Ukiweza, umeshika. Ukianza "aah, unajua, yaani," bado.

Damu, mbu na ramani ya Kenya

Sasa tuifanye kwa vitendo. Taasisi ya Howard Hughes ya Marekani, HHMI, ina mradi unaoitwa BioInteractive unaotoa filamu na mazoezi ya bayolojia bure mtandaoni. Moja ya filamu hizo ni The Making of the Fittest: Natural Selection in Humans. Ina urefu wa dakika 14 hivi, na sehemu kubwa ya kisa chake ilitokea hapa nyumbani.

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya. Mwaka wa 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alikuja na msafara wa watafiti na kukusanya sampuli za damu kutoka jamii mbalimbali za Kenya. Alikuwa akiangalia pia jeni ya selimundu, ugonjwa ambao wengi mtaani huuita siko seli. Alichokuta kilimshangaza. Katika jamii zilizoishi karibu na Pwani na Ziwa Victoria, waliobeba jeni hiyo walizidi asilimia 20. Kwenye nyanda za juu, hawakufika asilimia 1.

Simamisha video hapo hapo. Usiendelee.

Fikiria kidogo. Mtu akirithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili, anapata ugonjwa mkali, na enzi hizo watoto wengi wa aina hiyo hawakufikia utu uzima. Jeni inayoua watoto ingepaswa kuwa imetoweka kitambo. Kwa nini basi bado ipo? Na kwa nini iwe nyingi kando ya ziwa na baharini, na kidogo milimani? Andika jibu lako kwenye daftari, hata kama unabahatisha. Kubahatisha vibaya hakudhuru. Kinachodhuru ni kutokuwa na jibu lolote la kulinganisha na lile litakalokuja.

Endelea sasa. Allison alitambua kwamba ramani ya selimundu ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na isitoshe ana kinga dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu wengi wa malaria, huyo wa katikati ndiye aliyekuwa na nafasi bora ya kuishi na kupata watoto. Asiye na jeni aliandamwa na malaria, na mwenye mbili aliandamwa na selimundu. Huko milimani kwenye baridi, mbu wa malaria walikuwa wachache, kwa hivyo jeni ilikuwa hasara tupu na ikabaki adimu.

Simamisha tena. Malaria ikitokomezwa kabisa, baada ya vizazi vingi jeni hii itaongezeka, itapungua au itabaki ilivyo? Ukijibu kwamba itapungua polepole kwa sababu faida imeondoka na hasara imebaki, umeelewa uteuzi asilia, na hukuukariri.

Na ona jinsi mada inavyotoka daftarini na kuingia maishani. Wazazi wawili ambao kila mmoja amebeba jeni moja wanaweza kuwa wazima kama kigongo, wanacheza mpira, hawajui lolote. Katika kila mimba yao, uwezekano wa mtoto kuwa na ugonjwa wa selimundu ni asilimia 25. Kwa kijana mwenye asili ya Kisumu, Busia au Kilifi, swali hilo haliko kwenye mtihani pekee. Liko kwenye mazungumzo atakayofanya siku moja na mtu anayempenda. Kipimo cha damu hospitalini ndicho hutoa jibu.

Dakika 14 za video zinaweza kukuchukua saa nzima ukizitazama hivi, na hiyo saa inalipa.

Sungura weupe, mbwa mwitu na dau lako

Kuna chombo kingine ambacho hakikuruhusu ukae tu: mchezo wa kuiga mambo halisi, yaani simulesheni. Mwaka wa 2002, mwanafizikia Carl Wieman, aliyeshinda Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alianzisha mradi wa PhET katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ulianza na fizikia ukaenea hadi kemia, hisabati na bayolojia. Simulesheni zake ni za bure, zinafunguka kwenye kivinjari cha kawaida, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili.

Iliyo tamu kwa bayolojia inahusu uteuzi asilia. Unapewa sungura mweupe kwenye mandhari ya rangi ya kahawia. Unamtafutia mwenzi, wanaanza kuzaana, na muda si mrefu kioo kimejaa. Una vitufe vya kuleta mbwa mwitu, vya kupunguza chakula, na vya kuingiza badiliko la jeni kama manyoya ya kahawia, masikio yaliyolala au meno marefu.

Kabla ya kubonyeza chochote, weka dau. Andika: "Nikileta mbwa mwitu bila kuongeza badiliko la jeni, sungura watageuka kahawia ili wajifiche." Halafu bonyeza uone.

Hawatageuka. Wataliwa tu. Sungura hana uwezo wa kubadilisha manyoya kwa sababu ana shida. Lazima rangi ya kahawia iwe tayari imejitokeza kwenye jeni za sungura fulani, kwa bahati, ndipo mbwa mwitu wamwache huyo na wamle mweupe anayeonekana kutoka mbali. Mwenye kahawia anazaa, watoto wanarithi, na baada ya vizazi kadhaa kioo kimebadilika rangi.

Wazo kwamba viumbe hubadilika kwa kuwa wanahitaji kubadilika ni kosa sugu sana katika mada ya mageuko. Mwalimu anaweza kulisahihisha kwa mdomo mara kumi na lisitoke. Lakini ukishaweka dau mwenyewe na kuwaona sungura wako wakimalizwa, hulisahau. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja kimoja: badala ya mbwa mwitu, fanya chakula kiwe kigumu, uone ni nani atanusurika. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimeleta nini, na hiyo ndiyo kanuni ya kila jaribio la maabara.

Sasa igeuze kamera

Mpaka hapa simu imekuwa ya kutazama ndani. Ina jicho upande wa nyuma pia.

Hadubini moja kwa darasa zima? Shika kamera ya simu juu ya lenzi ya kuchungulia, tulia, sogeza polepole mpaka duara la mwanga lijae kioo, kisha piga picha. Ngozi nyembamba ya kitunguu iliyotiwa tone la ayodini itatoka na seli zake zimepangana kama matofali. Picha moja ikirushwa kwenye kikundi cha WhatsApp, au kuonyeshwa kwa projekta kama ipo, hakuna tena wa kuchungulia sekunde kumi. Kila mtu anaweza kuikuza, kuhesabu seli, kuweka majina ya sehemu na kubishana kiini kiko wapi.

Shule isiyo na hadubini kabisa je? Mwaka wa 2014, Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha maelezo ya Foldscope, hadubini inayokunjwa kutoka kwenye karatasi na kuwekwa lenzi ndogo ya duara. Walikadiria vifaa vyake kugharimu chini ya dola moja ya Marekani, ingawa bei ya kukinunua kifaa chenyewe na kukisafirisha ni hesabu nyingine. Toleo linalotumika sana hukuza vitu takriban mara 140, na unaweza kuliunganisha na kamera ya simu.

Halafu kuna bayolojia iliyo nje ya mlango wako. iNaturalist, mradi ulioanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka wa 2008, unakuruhusu kupiga picha ya mmea, mdudu au ndege na kuiweka pamoja na tarehe na mahali. Programu inapendekeza jina, kisha watu wengine wanakubali au wanakupinga. Picha iliyothibitishwa inaweza kuingia kwenye hifadhidata ambazo wanasayansi huzitumia. Kama hutaki kufungua akaunti, dada yake Seek inatambua viumbe kupitia kamera bila kukuomba usajili.

Usidhani ni lazima uende Maasai Mara. Korongo marabu waliojenga viota kwenye miti ya Barabara ya Mombasa karibu na uwanja wa Nyayo wanatosha kuanzia. Vipo vipepeo vya Karura, miti ya Arboretum, na magugu yaliyoota kando ya mtaro wa plotini kwenu. Ila chunga kitu kimoja: ukipiga picha nyumbani, ficha mahali kamili kwenye mipangilio. Dunia haihitaji kujua mlango wako.

Na kama huna pa kwenda, Zooniverse ina mradi wa Snapshot Serengeti, ng'ambo tu ya mpaka nchini Tanzania. Watafiti waliweka kamera 225 zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, wakapata picha nyingi kuliko walivyoweza kuzisoma. Kuanzia 2012 waliomba umma uwasaidie kutambua: huyu ni nyumbu au nyati? Wangapi? Wanakula au wanatembea? Maelfu ya watu wa kawaida waliitikia. Kazi yao ilitumiwa baadaye kuifunza akili unde kutambua wanyama wenyewe, katika utafiti uliochapishwa 2018 uliotumia picha milioni 3.2. Yaani mtu aliyekuwa amekaa kitandani akibonyeza "nyumbu" alikuwa akifanya sayansi ya kweli.

Na bando je?

Najua unachosema. Haya yote ni matamu mpaka ujumbe uingie kwamba data yako imekwisha.

Somo la Covid bado halijasahaulika. Shule zilipofungwa Machi 2020, KICD ilirusha masomo kupitia redio za KBC, runinga na YouTube. Mwenye Wi-Fi nyumbani aliendelea. Aliyekuwa na simu moja ya familia nzima alisubiri baba arudi jioni. Teknolojia haikuleta usawa wenyewe. Kwa hivyo mwenye bando dogo anahitaji mbinu.

Kwanza, punguza ubora wa picha. Mchoro wa figo unaonekana vizuri tu kwenye 360p. Huhitaji kuuona kama fainali ya Ligi ya Mabingwa. Pili, pakua mahali penye Wi-Fi ya bure, maktabani au chuoni, utazame nje ya mtandao. Simulesheni za PhET pia zinaweza kupakuliwa na kuchezwa bila intaneti. Tatu, mmoja apakue, wengine wapewe kwa Bluetooth au kwa njia nyingine ya kurushiana faili isiyokula data. Nne, usidharau kabambe. Huduma ya Shupavu 291 ya Eneza Education ilijengwa juu ya SMS, ikituma masomo mafupi na maswali kwenye simu ya aina yoyote ile. Haina moyo wa 3D, lakini inakuuliza swali na kungoja jibu. Tumeshaona kwamba swali ndilo lenye kazi kubwa.

Vipi kuhusu akili unde inayojibu kila kitu? Itumie kwa kuigeuza. Badala ya kuiomba jibu la zoezi la nyumbani, iambie ikuulize maswali matano kuhusu figo, moja moja, na isikupe jibu mpaka ujaribu. Kisha hakiki kwenye kitabu, maana huwa inakosea huku ikijiamini.

Ukiwa wewe ndiye mwalimu

Wasomaji wetu wengi si wanafunzi pekee. Kuna wanaofunza tyusheni mtaani, walio kwenye mazoezi ya ualimu, na wenye mdogo wao nyumbani anayeuliza maswali saa tatu usiku. Mwaka wa 2014, mwanabayolojia Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha madarasa ya kusikiliza tu na yale ambayo wanafunzi hujibu, hujadiliana na kutatua mambo. Zilihusu sayansi, hisabati na uhandisi katika vyuo. Waliokaa wakisikiliza tu walikuwa na uwezekano mara 1.5 zaidi wa kufeli.

Projekta haibadilishi hilo. Mhadhara wa kuchosha ukiwekwa rangi na muziki bado ni mhadhara. Ukiwa na simu moja na watoto kumi na wawili, una vya kutosha: onyesha sekunde tisini, simamisha, uliza "nini kitafuata na kwa nini?", waache wabishane wawili wawili, kila mmoja aandike dau lake, kisha endelea. Aliyekosa ndiye mwenye kujifunza zaidi, mradi usimwaibishe mbele ya wenzake.

Usiku wa leo basi, kabla hujazama kwenye video ya kumi na moja, chagua moja tu. Iwe ile ya moyo. Kabla ya kuiwasha, chora safari ya tone moja la damu kutoka kidole cha mguu hadi mapafuni na kurudi, kwa jinsi unavyodhani ilivyo. Itazame video. Funga simu. Chora tena. Michoro hiyo miwili ukiiweka ubavuni mwa mwenziwe, utaona kwa macho yako kile ulichojifunza na kile ulichokuwa unadhani umejua.

Na damu ya mapafuni? Huingia chumba cha juu, upande wa kushoto. Sasa lifunike jibu hilo, na ujiulize tena Jumatano ijayo.